Jiandae Kabla ya Siku Yenyewe

Kila mmoja awe na daftari na kalamu. Walio na maandishi ya somo hili mkononi wayafuate kwa kidole, mstari kwa mstari.

Leo tutazungumza juu ya kujiamini. Swali letu ni hili: Je, inafaa mtu ajione kuwa ataweza jambo, na asimame kama mtu anayeweza, kabla hajalifanya?

Najua baadhi yenu watajibu upesi. Watasema, wazee wametuonya: usikate kanzu na mwana hajazaliwa. Methali hiyo ni ya kweli. Lakini tuiangalie vizuri. Inamkataza mtu kusherehekea kitu ambacho hajakipata. Haimkatazi kujiandaa. Mama mjamzito hasemi, "Nitangoja mpaka mtoto azaliwe, ndipo nitafute kitambaa cha kumfunika." Na mkulima hangoji mvua inyeshe ndipo anoe jembe. Hulima shamba likiwa kavu, akatazama mbingu, akangoja. Watu wakipita huona udongo mtupu. Yeye anaona mahindi.

Basi kuna kujiandaa, na kuna kujitapa. Tofauti yake ni kubwa. Nitawaeleza kwa habari ya kijana mmoja wa Tanzania.

Kijana huyo ni Filbert Bayi, mtu wa Karatu. Tarehe 2 Februari 1974 alikuwa Christchurch, nchini New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alikuwa na umri wa miaka 20. Mbio zake zilikuwa za mita 1,500, yaani karibu mizunguko minne ya uwanja.

Katika mbio hizo wakimbiaji wengi hupenda kukaa nyuma kwanza. Huacha mwingine atangulie, akate upepo, achoke. Kisha wao huchomoka mwishoni. Bayi hakufanya hivyo. Mara baada ya mbio kuanza alikwenda mbele, akaacha nafasi kubwa kati yake na wenzake. Anayetangulia namna hiyo anawaambia watu wote waziwazi, "Nimekuja kushinda." Akishindwa, hana pa kujificha.

Katika mzunguko wa mwisho John Walker, mwenyeji wa New Zealand, alimkaribia. Lakini Bayi hakupitwa. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Rekodi ya dunia, iliyowekwa na Jim Ryun wa Marekani mwaka 1967, ilikuwa dakika 3 na sekunde 33.1. Kwa hiyo Bayi aliivunja. Walker naye aliivunja, kwa sekunde 32.5, lakini akawa wa pili.

Je, Bayi alikuwa anabahatisha? Hapana. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwaka 1973, alikuwa amemshinda Kipchoge Keino wa Kenya mjini Lagos, Nigeria. Keino alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1968. Mwaka huohuo wa 1973 Bayi alikimbia pia Ulaya. Mbio nyingine alishinda, nyingine alishindwa. Alikwisha kuijua pumzi yake na miguu yake. Ujasiri wa Christchurch ulitoka katika mazoezi hayo. Watu waliona dakika tatu na nusu tu, lakini kazi ilifanywa kwa miaka.

Sasa andika maneno haya katika daftari lako: Kujiamini kwa kweli kuna kazi nyuma yake. Kujiamini kusiko na kazi ni debe tupu, na debe tupu haliachi kuvuma.

Tuje kwetu sisi. Labda wewe hutakimbia Christchurch. Lakini una siku yako. Labda ni siku ya mkutano wa chama cha ushirika, nawe unataka kuuliza kwa nini malipo ya mazao yamechelewa. Labda ni siku ya kwenda ofisini, ambako kwa miaka mingi umebonyeza kidole gumba katika wino, na safari hii unataka kutia sahihi. Utafanyaje?

Kwanza, fanya mazoezi nyumbani. Andika jina lako mara 20 kila jioni, mpaka mkono uende wenyewe. Mkono uliozoea hautetemeki mbele ya karani.

Pili, andika maneno yako. Kama utasema mkutanoni, andika mambo matatu tu katika karatasi. Lile la kwanza lijue kwa moyo. Mtu akishaanza vizuri, mengine hufuata. Kama ni habari ya mazao, chukua stakabadhi zako. Andika kilo ulizopeleka na tarehe uliyopeleka. Mtu mwenye hesabu mkononi husikilizwa.

Tatu, siku ikifika, fika mapema. Usijifiche nyuma penye mlango. Keti mbele. Nguo si lazima iwe mpya, iwe safi tu. Ukipewa nafasi, simama wima, tazama watu, sema kwa sauti ya kusikika. Moyo unaweza kudunda. Mwache udunde. Watu hawausikii, wanasikia maneno yako.

Lakini hapa nina onyo, nanyi mnisikilize sana. Kuna mtu ambaye, kwa kutaka kuonekana anajua, hujifanya anajua. Anapewa karatasi ya mkopo. Haielewi. Anaona haya kusema. Anatikisa kichwa kama msomaji hodari, kisha anatia sahihi. Baadaye anaambiwa kwamba ameweka shamba lake rehani. Huyo hakujiamini, ndugu zangu. Aliogopa, akafunika woga wake kwa sahihi.

Mwenye kujiamini husema, "Bwana karani, naomba unisomee tena polepole." Au husema, "Naomba niende na karatasi hii nyumbani, nitairudisha kesho." Wala haoni aibu. Neno usilolijua leo utalijua kesho, lakini shamba likienda halirudi upesi.

Jambo la mwisho. Kujiandaa hakukupi hati ya kushinda. Mwaka 1976 Bayi hakukimbia katika Olimpiki ya Montreal, kwa sababu Tanzania, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ilisusia michezo hiyo. Sababu ilikuwa ziara ya timu ya ragbi ya New Zealand katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Maandalizi yake yote hayakuweza kumfikisha uwanjani.

Mwaka 1980 alikwenda Moscow, katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Alitangulia tena kama kawaida yake. Katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akampita. Bayi akapata medali ya fedha. Katika michezo hiyohiyo Suleiman Nyambui alipata ya fedha katika mita 5,000. Hizo ndizo medali za kwanza za Tanzania katika Olimpiki. Kwa hiyo hata aliyepitwa hakurudi mikono mitupu, kwa kuwa alikwenda tayari.

Nawe pia, ukisimama mkutanoni na ombi lako likakataliwa, utakuwa umekwisha kusimama. Mara ya pili miguu itakuwa na nguvu zaidi.

Sasa jadilianeni na mwalimu wenu:

1. Kuna tofauti gani kati ya kujiandaa na kujitapa?
2. Siku yako ni ipi, na utaanza maandalizi gani jioni ya leo?
3. Ukipewa karatasi usiyoielewa, utasema maneno gani? Yaandike.

Swali la tatu msiliache. Kila mmoja ayasome maneno yake mbele ya darasa, akiwa amesimama wima.

Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.