Mishipa ya Miguu Iliyotuna na Tiba ya Joto

(Mazungumzo na wanakisomo wa Kibondo na Kasulu)

Leo hatutazungumza juu ya mbolea wala juu ya vyoo. Leo tutazungumza juu ya miguu.

Hebu kila mmoja autazame mguu wake. Nyuma ya goti, au kwenye shavu la mguu, huenda ukaona mishipa imetuna na kujipinda kama mizizi ya mti iliyotokeza juu ya ardhi. Wengine wenu mnayo. Tumeiona kwa akina mama waliozaa watoto wengi. Tumeiona kwa wazee ambao kazi yao ilikuwa ya kusimama tangu asubuhi mpaka jioni. Mabingwa huiita mishipa ya varikosi. Sisi tutaiita mishipa iliyotuna, inatosha.

Je, inatokana na nini? Si uchawi. Si kukanyaga dawa uliyotegewa njiani. Tunalisema hili mapema kwa sababu tunamjua mama mmoja ambaye mishipa yake ilianza kutuna alipokuwa na mimba ya mtoto wa nne. Jioni miguu ilikuwa mizito. Baada ya miaka kadhaa ngozi ya juu ya kifundo ikawa nyeusi, ikawasha, akaikuna. Pakatoka kidonda. Kidonda kile kina miaka sita sasa. Aliuza mbuzi, akauza na mwingine, akitafuta wa kumwambia nani amemroga. Akaambiwa ni mke mwenzake. Mbuzi wamekwisha, kidonda kipo, na wale wanawake wawili hawasalimiani mpaka leo.

Basi sikilizeni jinsi mambo yalivyo. Damu hutoka moyoni ikashuka mpaka vidoleni. Kushuka ni rahisi, kama maji yanavyoteremka kutoka milima ya Heru Juu. Kurudi juu ndiyo kazi. Damu inayorudi hupita katika mishipa iitwayo vena. Ndani ya vena mna vilango vidogo, navyo hufunguka upande mmoja tu, kuelekea moyoni. Ukitembea, nyama za shavu la mguu huibana vena na kuisukuma damu juu. Damu ikitaka kurudi chini, kilango kinafunga.

Vilango vikilegea, damu inarudi chini na kujaa, na mshipa unatanuka. Katika ukoo fulani watu huzaliwa na mishipa dhaifu. Mimba nayo huchangia, ingawa mara nyingi mishipa hupungua mama akishajifungua, kwa hiyo mjamzito asikimbilie tiba kubwa. Kusimama kutwa, unene na uzee pia huongeza taabu.

Sasa habari ya joto. Baadhi yenu mmesikia kwamba siku hizi mishipa hii huchomwa kwa moto. Ni kweli, lakini kuna kijana mmoja alitutia hofu. Alituuliza, "Kama ni moto tu, si nipashe kisu nimchome mama nyumbani?" Aa, ndugu zetu, hapana! Kisu cha moto kinaunguza ngozi, na mshipa mbovu unabaki vilevile chini yake. Utakuwa umemwongezea mama kidonda cha pili.

Tiba yenyewe ni hivi. Kwanza mtaalamu huupiga mguu picha kwa ultrasaundi, mashine ileile wanayoijua akina mama wajawazito. Anatafuta ni mshipa gani vilango vyake vimelegea. Mara nyingi ni ule mrefu unaopanda upande wa ndani wa mguu mpaka kwenye kinena. Anatazama pia kama vena za ndani kabisa ziko wazi. Akikuta zimezibwa na damu iliyoganda, huenda tiba hii isimfae mgonjwa yule.

Kisha anatia ganzi kidogo na kupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa kwa tundu la sindano, huku akiuona kwenye picha. Anauzungushia mshipa maji yenye dawa ya ganzi. Maji hayo huondoa maumivu na kuilinda ngozi isiungue. Ncha ya mrija hutoa joto, kwa mwanga wa leza au kwa mawimbi ya redio. Kwa aina moja ya mrija wa mawimbi ya redio, joto hufika nyuzi 120, na kila kipande cha mshipa hupashwa kwa sekunde 20. Mshipa unasinyaa na kufunga. Mgonjwa hashonwi, na kwa kawaida hutembea na kurudi nyumbani siku ileile.

Mtauliza, mshipa ukifungwa damu itapita wapi? Itapita katika mishipa mingine iliyo mizima, nayo ni mingi. Barabara moja ikiharibika, magari hupita nyingine.

Tiba hii ilianza kuenea duniani kuanzia mwaka 1999. Kabla yake mganga alipasua kinena na kuung'oa mshipa mzima, na upasuaji huo upo bado. Uingereza mwaka 2013 walishauri joto litangulie, na kisu kifuate pale ambapo njia nyingine hazifai. Mwaka 2018 walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu 450 wenye vidonda kama cha yule mama. Wote walifungwa bendeji. Waliotibiwa mishipa mapema, nusu yao walipona katika siku 56. Waliocheleweshwa, nusu yao walipona katika siku 82. Hata hivyo tiba ina madhara yake: michubuko, ganzi ya ngozi, na mara chache damu kuganda.

Je, ipo hapa kwetu? Tusidanganyane. Hii si kazi ya zahanati. Inataka mashine na bingwa. Huko Muhimbili, mwaka 2018, madaktari wetu walianza kufundishwa tiba za kupitisha mirija mwilini kwa kuongozwa na picha, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani. Lakini kutoka Kibondo mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na nauli si ya mbuzi mmoja. Tunaona si haki mtu wa Buha aisikie tiba kama hadithi tu. Wakubwa wetu walisikie hilo.

Wakati tukingoja, tembea kila siku. Ukipumzika, lala na kuinua miguu juu ya kifurushi cha nguo. Bendeji ya kubana hufungwa kutoka vidoleni mpaka chini ya goti, ila mganga kwanza aupapase mshipa wa juu ya unyayo, maana mguu usiopata damu ya kutosha ukibanwa unaoza. Usichanjwe chale juu ya mshipa uliotuna. Ukipasuka na kutoa damu, usisimame kushangaa! Lala, inua mguu, kandamiza kwa kitambaa safi kwa dakika 10 au zaidi, kisha upelekwe hospitali. Na mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usingoje kesho.

Yule mama wa kidonda tulimtembelea juzi. Tulimwonyesha binti yake namna ya kufunga bendeji, akakosea mara mbili, ya tatu akaweza. Mwezi ujao mama anakwenda Kigoma mjini kupigwa picha ya mguu. Mke mwenzake ndiye atakayebaki na watoto.