Mavazi ya Mtoto Mchanga Wakati wa Baridi

Ngarenaro, kama sehemu kubwa ya Jiji la Arusha, iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hutanda asubuhi nzima, na baridi ya alfajiri humpata kwanza mtoto mchanga. Mwili wake hupoteza joto upesi, hasa kichwani, na hawezi kutetemeka ili ajipashe joto kama mtu mzima.

Kinga bora ni nguo nyepesi kadhaa: ya pamba inayogusa ngozi, kisha sweta, soksi na kofia. Kwa kawaida humtosha nguo moja zaidi ya anazovaa mtu mzima. Sweta la mtumba kutoka soko la Kilombero linafaa kabisa, mradi lifuliwe na likauke vizuri.

Kumfunika kupita kiasi nako ni hatari. Mikono ya mtoto huwa baridi hata akiwa salama. Kipimo cha kweli ni shingo kwa nyuma, au kifua. Pakiwa na jasho, apunguziwe nguo. Akilala ndani avuliwe kofia, na blanketi lisimfike usoni.

Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba kilichofungwa, kwani hewa yake ya sumu haina harufu na huua usingizini. Kwa mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, kanga ikiwafunga pamoja, hushinda sweta lolote.