Daftari Shingoni: Kuishi na Kufanya Kazi kwa Akili Isiyotulia

(Hotuba iliyotolewa na jirani wa Hekalu mbele ya waumini na wageni wa sherehe za kumbukumbu)



Nilipoombwa kusema machache siku ya leo, nilijiuliza kama walionialika wananifahamu vizuri, maana mimi ndiye yule aliyealikwa harusi katika jumuiya hii akafika kesho yake, amevaa suti. Mnacheka, nami nacheka. Lakini nimekuja kuueleza upande wa jambo hili usiochekesha.

Miaka 25 iliyopita nilikuwa karani wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Mbinga, kwa mzee mmoja wa jumuiya yenu ambaye sote tulimwita Bapa. Pamoja na kuuza misumari na mabati, tulinunua mazao. Asubuhi moja mzee wa Kimatengo alishuka kutoka milima ya upande wa Litembo na magunia matatu ya maharage. Bapa hakuwapo na fedha zilikuwa zimefungiwa, basi nikaliandika deni katika kipande cha karatasi ili nilinakili daftarini. Kabla sijalifungua daftari, akaingia mtu akitaka bawaba. Nikaenda kutafuta bawaba.

Wiki mbili baadaye yule mzee alirudi kudai. Nami niliapa, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba sijapata kumwona. Wateja wakamzomea, wakamwita tapeli. Alichukua kofia yake juu ya meza akaondoka bila kujibu.

Siku za Diwali zilipofika, tukawa tunafunga hesabu za mwaka na kuandaa vitabu vipya kwa ajili ya Chopda Pujan. Nilikung'uta daftari la bei za mabati, na karatasi ikaanguka. Bapa aliisoma mara mbili. Hakunikaripia. Alihesabu fedha, akanipa, akasema niende mwenyewe, kwa miguu, siku ile ile. Nilipofika, mzee alizihesabu pole pole, kisha akaniuliza: “Mwanangu, ulikuwa unaniona mwongo, au hukuwa unaniona kabisa?”

Sikuwa na jibu. Nililipata baada ya miaka 16.

Katika miaka hiyo nilipewa majina mengi. Niliitwa mvivu, ingawa nilikuwa wa kwanza kufika kazini siku nilizokumbuka kuwa ni za kazi. Niliitwa mlevi, nami sijaonja pombe. Shuleni nilichapwa kwa kuchungulia dirishani, na nyumbani ndugu walinong'ona kwamba nimerogwa. Kilichonifungua macho ni binti yangu. Mwalimu wake alisema mtoto hatulii, nikampeleka kliniki ya afya ya akili. Daktari alikuwa akimuuliza mama yake: je, huacha kazi katikati? Hupoteza vitu vyake kila siku? Hukatiza maneno ya wenzake? Nikajikuta nikiyajibu maswali yale moyoni, lakini si kwa ajili ya mtoto. Daktari alinitazama akasema, “Mzee, nawe tutazungumza.” Nilikuwa na umri wa miaka 43.

Wataalamu huiita hali hii upungufu wa umakini, na mara nyingi huambatana na utukutu. Si jambo lililozuka juzi pamoja na simu za mkononi, kama wengine wanavyodhani. Mwaka 1902 daktari George Still alitoa mihadhara mjini London juu ya watoto wa namna hii. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliipa jina la upungufu wa umakini katika mwongozo wao. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mtoto akikua huiacha nyuma pamoja na kaptura zake. Sasa inajulikana kwamba wengi huingia nayo utu uzima, na makadirio ya kawaida ni kama watu wazima wawili au watatu katika kila mia. Hurithiwa sana katika koo, ndiyo maana daktari alimtazama baba.

Jina lenyewe, kwa maoni yangu, halikuchaguliwa vizuri. Umakini ninao. Nipeni pampu ya maji iliyoharibika, nitaishughulikia hadi jogoo awike, nisikumbuke kula. Kilicholegea ni usukani wa kuupeleka umakini huo mahali panapotakiwa, saa inayotakiwa. Kwangu muda ni wa namna mbili tu: sasa, na si sasa. Deni la kulipwa Ijumaa, siku ya Jumatatu ni kama halipo duniani.

Mtaniambia kila mtu husahau. Ni kweli, hata Arjuna, kama mnavyofahamu kuliko mimi, alimlalamikia Krishna kwamba akili yake haishikiki. Tofauti ni kwamba hali hii huanza utotoni, hudumu mwaka hadi mwaka, na huharibu kazi na nyumba kwa pamoja. Aliyeanza kusahau mwaka huu huenda ana msiba, hapati usingizi, anakunywa kupita kiasi au ana ugonjwa mwingine wa mwili. Huyo naye aende kwa daktari, asijibandike jina kwa kusikia hotuba yangu.

Dawa zipo. Inayojulikana zaidi, methilifenideti, imo katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa kimataifa kwa mkataba wa 1971, wala hainunuliwi kama dawa ya kikohozi. Katika maduka ya dawa ya huku kwetu sijaiona. Wako ambao imewasaidia sana, na anayeweza kuipata chini ya daktari asione haya. Mimi ilinibidi kutafuta njia nyingine, na niliiona mlimani.

Ninyi nyote mmeyaona mashamba ya ngolo ya Wamatengo. Mkulima hakuusawazisha mlima. Hukata nyasi, akazipanga miraba kwa miraba, kisha huchimba udongo wa katikati akazifunika, hata uso wote wa mlima ukawa visima vidogo vidogo. Mvua ikinyesha, maji ambayo yangekimbia na udongo hukaa shimoni. Mimi nilikuwa nimeishi miaka 40 nikijaribu kuwa tambarare. Niliacha. Nikaanza kuchimba mashimo.

Shimo la kwanza ni daftari hili mnaloliona shingoni mwangu kwa kamba. Liko moja tu, kwa kuwa mtu kama mimi akiwa na madaftari mawili, yote mawili hupotea. Mtu akiniambia jambo, namwomba asubiri niandike kabla hajamaliza. Watu wa mji huu wamezoea; wengine hunyamaza wenyewe nikishika kalamu. Kila ununuzi una nakala, na nakala hukaa kwa muuzaji, ili ushahidi usitegemee kichwa changu. Fedha ya mtu hailali kwangu usiku: namlipa kwa simu angali amesimama. Hesabu siziandiki peke yangu. Kijana mmoja hukaa kando yangu akifanya kazi zake, wala hanisaidii chochote. Kuwapo kwake tu kunanishikilia kitini, sijui kwa nini, nami sijali. Bapa, bila kusoma kitabu chochote cha udaktari, alikuwa akifanya jambo hilo hilo: kila jioni aliketi nami hadi rojmel ya siku ikamilike, ndipo taa izimwe.

Jambo kubwa zaidi, nilibadili kazi. Wataalamu waliowachunguza wafugaji wa Ariaal, kaskazini mwa Kenya, walichapisha mwaka 2008 matokeo yaliyonigusa. Waliangalia aina fulani ya kinasaba ambayo tafiti nyingine zimeihusisha na hali hii. Wanaume wenye kinasaba hicho walioendelea kuhamahama na mifugo walikuwa na miili iliyoshiba kuliko wenzao. Waliotulia vijijini walielekea kukonda kuliko wenzao. Kinasaba kimoja hakimwelezi mtu mzima, na utafiti mmoja si sheria. Lakini niliiacha meza ya karani nikashuka ziwani.

Leo nanunua usipa Mbamba Bay na Liuli na kuuleta huku juu. Wavuvi huvua usiku kwa taa, asubuhi samaki wako mchangani wakianikwa, na wingu likitokea upande wa Malawi kila kitu ni sasa. Usipa haukubali kuahirishwa. Hapo akili yangu, inayokimbilia kila kitu kwa pamoja, huona wingu, mzani, gari na mnunuzi kwa mara moja, na wenye akili tulivu huniuliza nimewezaje. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilometa zipatazo 66, sasa ni lami, nami huirudi siku hiyo hiyo.

Nisiwadanganye kwamba nimepona. Mwezi uliopita nilimwacha mke wangu stendi kwa saa tatu. Yeye ndiye hulipa ada, hukumbuka dawa za mama, hufunga milango. Na kwa miaka mingi nilidhani mambo hayo hujifanya yenyewe. Siku hizi nayaandika yote anayoyafanya, na mengine nimeyachukua, nikiwekewa kengele ya simu. Binti yetu yuko sekondari. Anakaa dawati la mbele, anaruhusiwa kusimama, wala hachapwi.

Yule mzee wa maharage amekwisha kufariki. Wanawe huniuzia maharage kila msimu, na huja na daftari lao wenyewe, wakanisomea kile nilichoandika kabla ya kushusha gunia. Sijawahi kuwaomba waache.

Mwenye swali anikute nje baada ya chakula. Mkikuta nimekwisha kuondoka, mwachieni kijana wangu karatasi.