Biashara Mpya na Kazi za Watu



Wengi wetu ndio tuandikao leseni za biashara. Kila mwisho wa mwaka twaulizwa: biashara mpya ni ngapi, na watu wangapi wamepata kazi? Twajumlisha, twatia sahihi, na shughuli yahesabiwa kuwa imekwisha. Leo twapenda kuonyesha ya kuwa hesabu hiyo ni nusu tu.

Wataalamu wawili wa Ujerumani, Michael Fritsch na Pamela Mueller, walitoa mwaka 2004 uchunguzi wao juu ya mikoa ya Ujerumani Magharibi. Waliona ya kuwa biashara mpya huleta mambo matatu, moja baada ya jingine. Kwanza, watu huajiriwa, na hesabu ya kazi hupanda. Pili, mashindano huanza. Walio dhaifu, wapya kwa wakongwe, hufunga milango, na kazi hupungua. Tatu, waliosalia hufanya kazi kwa ustadi zaidi, bidhaa huwa bora, na kazi huongezeka tena. Faida hii ya mwisho hufikia kilele karibu na mwaka wa nane, kisha hufifia baada ya miaka kumi hivi.

Wala faida hiyo si lazima ionekane katika aina ile ile ya biashara. Tutazame Kenya. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mawakala walipata riziki, na hawala ya posta ikapoteza wateja. Lakini Tavneet Suri na William Jack waliandika mwaka 2016 kwamba huduma hiyo iliwawezesha wanawake wapatao 185,000 kuacha kilimo cha kujikimu na kushika biashara. Hao hawamo katika daftari la mawakala.

Wahenga walinena: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli, lakini huenda mwenyeji akaugua kwanza. Fundi aliyefunga duka mwaka wa tatu hawezi kuwaambia watoto wake wangoje chakula hata mwaka wa nane.

Basi twashauri mambo mawili. Daftari la leseni lionyeshe biashara zilizofungwa kama lionyeshavyo zilizofunguliwa. Tena, biashara za mwaka mmoja zifuatwe miaka kumi, katika kazi za kila namna, kabla hatujazisifu au kuzilaumu. Asiyeandikwa hasaidiwi, na kalamu i mikononi mwetu.