Fulana Zimenunuliwa, Sindano Hakuna: Vijana na Bajeti ya Afya ya Akili ya Halmashauri

Hii ni hotuba niliyotoa kwenye semina ya vijana wa jimbo Jumamosi iliyopita. Waliokosa kufika wameniomba niiweke hapa. Nimenyoosha sentensi chache tu, mengine nimeyaacha kama nilivyoyasema.



Niliombwa nizungumzie bajeti ya halmashauri. Bajeti nimekuja nayo, ila nitaanza na kaka yangu, kwa sababu bila yeye nisingejua hata mlango wa idara ya mipango uko upande gani. Nimemwomba ruhusa. Akaniambia, "Sema, lakini jina usitaje, na ile ya stendi usiseme." Basi ile ya stendi siisemi.

Kaka yangu ni fundi pikipiki. Alianza kuumwa akiwa na miaka 22. Anasikia watu wanaongea wakati hakuna mtu. Mnajua wenyewe safari inavyokuwa: tukaanza kwa mganga, tukaenda kwenye maombi, mbuzi wawili wakauzwa, mzee akauza na mabati aliyokuwa ameyaweka akiba. Simlaumu mtu, kila mtu alikuwa anatafuta nafuu. Mwisho tukafika hospitali ya mkoa, wakamwanzishia dawa, na baadaye wakampangia sindano ya kila mwezi. Ile sindano ilimrudisha. Nasema ilimrudisha kabisa, akarudi gereji, akaoa.

Sindano ile alitakiwa aipate kwenye kituo cha karibu ili asisafiri. Mwezi wa kwanza ipo. Wa pili ipo. Wa tatu mama anaambiwa, "Mama, dawa imeisha, kanunueni nje." Nje wapi? Dawa za akili si panadoli. Duka la dawa la mtaani halinunui mzigo ambao wateja wake ni wanne kwa mwezi. Ilibidi mtu apande gari kwenda mjini, na nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa kubwa kuliko bei ya sindano yenyewe. Mwezi mmoja tulipata, mwezi uliofuata hatukupata, na uliofuata tena hatukupata.

Usiku alioumwa tena tulimfunga kamba. Sitaki kulipamba hili. Baba mdogo alimshika mikono, jirani alimshika mguu wa kulia, mimi nilishika wa kushoto, na mama ndiye aliyefunga, maana alisema mikono ya wengine itamuumiza. Tukakaa naye mpaka asubuhi tukisubiri gari. Alikuwa ananiita jina langu. Watu wanaposikia kwamba kuna familia zinafunga wagonjwa wao wanasema ni ushamba. Kwetu siku ile kilichokosekana kilikuwa sindano.

Baada ya hapo nikaenda kituoni, sikwenda kwa ugomvi. Nikamwamkia mganga mfawidhi, tukakaa. Alikuwa mkweli, namshukuru mpaka leo. Akaniambia, "Mdogo wangu, fedha ya dawa inakuja ndogo. Naanza na malaria, na watoto, na wajawazito. Hao wa akili wako wangapi kwenye daftari langu? Wanane? Nikiagiza Bohari ya Dawa naagiza cha watu mia nane kwanza." Nikamuuliza, na huko juu kwenye mpango wa wilaya mmeweka nini? Akacheka. "Nenda kawaulize."

Nikaenda. Safari ya kwanza mhusika yuko kwenye mafunzo. Ya pili naambiwa niandike barua. Ya tatu nikaenda na diwani wa zamani wa kata yetu, mzee anayeheshimika pande zote, ndipo nikaonyeshwa. Mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu huu ndio mlango wetu. Kila halmashauri nchini ina kitu kinaitwa Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Unaandaliwa kila mwaka. Ndani yake kuna fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, kuna mapato ya ndani, kuna makusanyo ya papo kwa papo na ya bima. Kila shughuli ina mstari wake na kiasi chake. Kitu ambacho hakina mstari hakina fedha, na kisicho na fedha usikitafute kituoni.

Afya ya akili niliikuta imebanwa chini ya magonjwa yasiyoambukiza, pamoja na kisukari na presha. Mistari miwili. Wa kwanza, mafunzo ya siku moja kwa watumishi. Wa pili, kuadhimisha Siku ya Afya ya Akili Duniani, tarehe 10 Oktoba: bango, fulana, mafuta ya gari, posho. Dawa hakuna. Mtumishi kuwafuata wagonjwa majumbani hakuna. Wilaya ina mratibu wa afya ya akili, yupo, ni mtu mzuri, lakini hana mafuta ya pikipiki mpaka Oktoba ifike.

Ile fulana ninayo. Kaka yangu anaivaa akiwa gereji.

Sasa niwaambie kwa nini tumefika hapa, na nitakwenda haraka kidogo. Nchi hii tangu ukoloni imezoea kufikiri kwamba mgonjwa wa akili ana sehemu yake, na sehemu hiyo iko mbali. Mirembe pale Dodoma ilianza mwaka 1927. Lutindi kule Korogwe ni ya zamani zaidi. Mpaka leo ukitaka kumtukana mtu unamwambia "umetoroka Mirembe." Yaani hospitali ya taifa imegeuka tusi! Baada ya Uhuru kulikuwa na jaribio zuri la vijiji vya wagonjwa kulima na kuishi na watu, kama Hombolo kule Dodoma na Vikuruti hapa Dar es Salaam chini ya Muhimbili. Wazo lilikuwa sahihi, kwamba mtu anapona akiwa na kazi na majirani. Halikuenea mpaka kwenye wilaya zetu. Mwaka 2008 ikapitishwa Sheria ya Afya ya Akili. Na miongozo ya misamaha inawataja wagonjwa wa akili kati ya watu ambao hawapaswi kutozwa. Lakini msamaha wa kutolipia dawa ambayo haipo ni msamaha wa nini?

Shirika la Afya Duniani linasema serikali duniani, kwa wastani, zinatenga kama asilimia 2 tu ya bajeti za afya kwa afya ya akili, wakati mwaka 2019 karibu mtu mmoja kati ya wanane duniani alikuwa anaishi na tatizo la aina hiyo. Kwa hiyo ugonjwa huu si wa kwetu peke yetu. Halafu kumbukeni bajeti ya afya yenyewe ni ndogo: mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikaa Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti za nchi zao iende kwenye afya. Miaka zaidi ya ishirini imepita.

Lakini angalieni UKIMWI. Pale tulipoamua, tuliweza. Halmashauri ina Kamati ya Kudhibiti UKIMWI, ni kamati ya kudumu, madiwani wanakaa na ajenda yake inasomwa. Dawa zinafuatiliwa mpaka zahanati ya mwisho. Hakuna aliyesema wagonjwa ni wachache kwenye daftari. Afya ya akili haina kamati, haina mtu wa kuisimamia barazani, ni kipengele ndani ya kipengele. Sisemi tuunde kamati nyingine, posho zenyewe zinatosha. Nasema kamati ya huduma za jamii iulizwe, kila robo, kwa maandishi: dawa gani za akili na kifafa ziliagizwa, zilifika lini, ziliisha lini. Kifafa nakitaja makusudi kwa sababu wagonjwa wake wanahudumiwa kliniki hiyohiyo, na dawa ikikosekana mtoto anaangukia kwenye moto.

Kuna mtu atasema, madiwani gani wa kuuliza? Kweli. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, chama tawala kilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya mitaa, vijiji na vitongoji. Mnajua ulivyokwenda, sina haja ya kuwasimulia. Mkutano mkuu wa kijiji ambao unatakiwa kila baada ya miezi mitatu usomewe mapato na matumizi, sehemu nyingi hauitishwi, na ukiitishwa anayeuliza anaambiwa ametumwa. Usimamizi bila mtu wa upande wa pili ni watu kupongezana.

Ila na sisi tujitazame, makamanda. Kati ya 2015 na 2020 upinzani ulikuwa na halmashauri. Tulipigania masoko, tulipigania viwanja, tulipigania umeya. Nimewauliza waliokuwa madiwani wetu watatu: mliwahi kuhoji dawa za wagonjwa wa akili? Mmoja alinyamaza. Wa pili alisema hawakuwa wanaleta malalamiko. Wa tatu, na huyu nampenda kwa ukweli wake, alisema, "Mdogo wangu, chizi hapigi kura." Nikamwambia mzee, mama yake anapiga. Na mke wake. Na mimi.

Kuna jambo lingine siwezi kuliruka, kwa sababu humu ndani tuna vijana wa bodaboda, tuna waliomaliza chuo miaka minne bila ajira, tuna waliobanwa na mikopo ya kausha damu. Wengine wetu tumezika rafiki. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, bado inasema kujaribu kujiua ni kosa. Kwa hiyo mtu aliyeokolewa usiku, familia inaogopa kumpeleka hospitali asije akaishia polisi. Majirani zetu wa Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilisema kinakwenda kinyume na katiba. Ghana walibadilisha sheria yao 2023. Na Kenya hiyohiyo, sheria yao ya afya ya akili ilirekebishwa 2022 ikaandika majukumu ya serikali za kaunti waziwazi, ikiwemo kutenga fedha. Sisemi kule mambo yote yamenyooka. Ila mwananchi wa kule ana kifungu cha kumshika nacho gavana, mimi nilikuwa na barua tu. Hili liingie kwenye ilani yetu, na kifungu cha 217 kiondoke. Kama kuna mtu hapa anapitia kipindi kigumu, aje aniambie au amwambie katibu wake wa kata. Hatutamuuliza maswali mengi. Tutakwenda naye kituoni.

Sasa kazi. Tangu 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati na kituo cha afya, hazikai tena wilayani. Matumizi yanapita kwenye kamati ya usimamizi ya kituo, na kwenye kamati hiyo kuna wawakilishi wa wananchi. Haihitaji kadi ya chama. Nani hapa anamjua mwakilishi wake? Naona mikono mitatu. Mimi niliomba nafasi kwenye kamati ya kituo chetu, nikaipata kwa sababu hakuna aliyeitaka. Haina posho ya maana. Kikao cha pili nikapendekeza: tuagize dawa za wale wanane kwanza, kabla ya mgawo mwingine, kwa sababu wanane wanahesabika na hawaongezeki ghafla kama malaria. Mganga mfawidhi alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Alikuwa anasubiri mtu wa kumuunga mkono. Wazee wawili walipinga, wakasema tutavutia vichaa wa kata nyingine. Na kweli wamekuja! Daftari sasa lina watu ishirini na tatu. Hawakuletwa na dawa, walikuwepo siku zote, majumbani, wengine kwenye vyumba vya nyuma.

Na hapo ndipo nilipokwama, nisiwadanganye. Fedha ya kituo inatosha wanane, haitoshi ishirini na tatu. Lazima mstari uwepo kwenye mpango wa wilaya, kutoka mapato ya ndani. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, lakini bajeti haiandikwi Juni. Inaandikwa kuanzia mwisho wa mwaka huu mpaka mapema mwakani. Ukija kulalamika Mei umechelewa. Halafu mwanzoni mwa 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Tuulize wa kwetu wangapi, wako wapi, na kama wamefundishwa kumtambua mtu anayeanza kuumwa kabla ya usiku wa kamba.

Kikao cha baraza la madiwani cha robo hii ni wazi kwa wananchi, mtu hakukatazi kukaa nyuma na kusikiliza. Naomba kila kata ilete watu wawili. Kabla ya hapo, kila mmoja apite kwenye kituo chake, aulize kwa heshima dawa za akili na za kifafa zilikosekana siku ngapi tangu Julai, aandike. Asigombane na manesi, manesi hawapangi bajeti. Hizo karatasi tutazikusanya ofisini kwa katibu, tutaziandikia barua moja kwa mkurugenzi, nakala kwa mganga mkuu wa wilaya.

Tunakutana getini saa mbili kamili. Fulana za chama tuziache nyumbani siku hiyo, wasije wakapata sababu ya kutufukuza. Kaka yangu amesema atakuja, akipata mtu wa kumwachia gereji.