Utulivu wa Dereva Huandaliwa Kabla ya Siku ya Mtihani

Hotuba kwa wananchi wa sekta ya Butare, wilaya ya Rusizi, baada ya kazi za umuganda



Nawashukuru kwa jasho la asubuhi hii, nami sitawaweka juani kwa muda mrefu. Kila ninapoketi na vijana wa Rusizi, swali moja hurudi: “Afande, nikifanya mazoezi naendesha vizuri, mbona siku ya mtihani mikono inatetemeka na nasahau hata ninayoyajua?” Nataka kulijibu hadharani, kwa sababu kijana aliyeshindwa kwa hofu, kisha akakata tamaa, ndiye hasa anayetafutwa na wauzaji wa leseni za kughushi.

Nianze kwa kuungama. Mimi mwenyewe, kabla ya kuvaa sare hii, nilianguka mtihani wangu wa kwanza. Niliambiwa nisimamishe gari kwenye mwinuko, kisha niliondoe. Mguu wa kushoto ukatetemeka, nikaiachia klachi ghafla, injini ikazimika. Nikaiwasha tena kwa pupa, nikasahau breki, gari likarudi nyuma hadi likagusa kigingi. Nilirudi nyumbani nikimwambia kila mtu kwamba ofisa alinionea. Ilinichukua siku kadhaa kukubali ukweli: nilikuwa nimejifunza kwenye uwanja tambarare, nikaenda kutahiniwa mlimani. Hakuna aliyenionea, sikuwa nimejiandaa.

Ndugu zangu, hilo ndilo neno langu la leo. Utulivu si kipawa alichopewa mmoja akanyimwa mwingine. Utulivu ni matunda ya mazoezi. Mwili unapoona jambo geni lenye uzito, moyo huenda mbio, viganja hutoa jasho, na macho huganda kwenye kitu kimoja, yakaacha kuona vya pembeni. Hali hiyo humpata kila mtu. Lakini tendo ambalo mikono na miguu imelifanya mara nyingi huendelea kutendeka hata moyo ukienda mbio, na tendo lililofanywa mara mbili tatu tu ndilo linalopotea kwanza.

Basi tujiandae vipi?

Kwanza, jifunzeni sheria kwa kuzielewa, si kwa kukariri majibu. Wengi mmepita mtihani wa nadharia mkapata leseni ya muda, ile tunayoiita provizwari. Msiifungie kabatini elimu ile. Alama ya kusimama, haki ya kupita kwenye mzunguko, kivuko cha waenda kwa miguu: ofisa atataka kuyaona hayo kwa macho yake unapoendesha. Na nikumbushe kwamba leseni ya muda ni ya kujifunzia ukiwa pamoja na mwalimu. Haikuruhusu kuendesha peke yako, seuze kubeba abiria.

Pili, fanyeni mazoezi ya yale yanayotahiniwa, mahali panapofanana na pale mtakapotahiniwa. Kuliondoa gari mlimani, kuliegesha kinyumenyume kati ya vigingi, na kuendesha barabarani miongoni mwa magari mengine: haya si mitego iliyobuniwa ili watu waanguke. Itazameni ardhi yetu. Bugarama, kando ya mto Rusizi, ndiko mahali pa chini kabisa nchini. Na barabara ya kutoka Kamembe kwenda Huye hupanda katika msitu wa Nyungwe hadi kupita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kati ya ncha hizo mbili ni milima mitupu. Malori yanayobeba saruji kutoka Bugarama hupanda miinuko hiyo pamoja nasi. Ukisimama mlimani, lori likiwa nyuma yako, gari lako lina ruhusa gani ya kurudi nyuma hata mita moja? Ofisa anakuuliza kwa kigingi swali ambalo barabara itakuuliza kwa lori.

Kwa hiyo tafuteni mlima na mwalimu wenu. Vuta breki ya mkono. Ingiza gia ya kwanza. Weka kisigino cha mguu wa kushoto sakafuni, ili mguu ukitetemeka usiiachie klachi kwa mshtuko. Inua klachi taratibu mpaka usikie mlio wa injini unabadilika na boneti inainuka kidogo. Ongeza mafuta kiasi, tazama vioo, kisha shusha breki ya mkono. Rudieni hata liwe jambo la kuchosha, kwa maana kilichowachosha katika mazoezi hakitawatisha katika mtihani. Nanyi wa moto, kupita katikati ya vigingi bila kukanyaga mguu chini hutaka mwendo wa pole na macho yanayotazama mbele. Anayekitazama kigingi hukigonga.

Tatu, na hili latuhusu sisi watu wa mpakani. Wapo walioonja usukani Dar es Salaam, Kampala au Nairobi, ambako magari hupita kushoto. Huku kwetu, kama ilivyo Kongo na Burundi, tunapita kulia. Wapo pia waliozoea magari ya ng'ambo, upande wa Bukavu, ambako mengi yana usukani wa kulia. Mazoea hayo hujificha mpaka siku ya hofu, ndipo yajitokeze: mtu hukata kona akaangukia upande usio wake, au mkono ukaitafuta gia mahali isipokuwapo. Fanyeni mazoezi kwa gari la aina ileile mtakayotahiniwa nayo. Na kwa kuwa tangu 2024 mtihani unaweza kufanywa pia kwa gari la otomatiki, fahamuni kwamba atakayefaulu kwa gari hilo ataruhusiwa kuendesha otomatiki peke yake. Chagueni mkijua.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Jioni ya kuamkia mtihani, weka pamoja kitambulisho, leseni ya muda na ujumbe uliokupa saa na mahali, kisha ulale mapema. Asubuhi kula chakula chepesi ulichokizoea. Usinywe pombe “kutoa woga”, wala usimeze vidonge vya rafiki: vyote hupunguza akili unayoihitaji. Ondoka mapema. Sisi wa milimani tunajua kwamba mvua moja yaweza kuharibu njia, na anayefika akihema ameanza mtihani akiwa amechoka. Ukifika, usijiunge na kundi la wanaosimuliana nani alianguka na kwa sababu gani. Simama kando, vuta pumzi polepole kwa kuhesabu hadi 4, itoe kwa kuhesabu hadi 6. Ukifanya hivyo mara kadhaa, mapigo ya moyo yatashuka.

Ukiingia garini, usikimbilie ufunguo. Rekebisha kiti, tengeneza vioo, funga mkanda, hakikisha gia iko huru. Hatua hizo hutakiwa kwa usalama, nazo pia hukupa muda wa kutua. Msalimie ofisa kwa heshima. Usipolisikia agizo, sema: “Afande, naomba urudie.” Kuuliza si kosa, kosa ni kukata kulia ulipoambiwa kushoto. Injini ikizimika, kanyaga breki, rudisha gia huru, washa, uanze upya kwa mpangilio uleule uliojifunza. Ukikosea jambo moja, liache lipite. Wengi huangushwa na kosa la pili, walilolifanya wakati bado wanaliomboleza la kwanza.

Kigali, kwenye kituo cha Busanza kilichofunguliwa 2024, vifaa vya kielektroniki na kamera ndivyo vinavyoyaona makosa. Baadhi ya vijana wanaogopa mashine, wengine wanaogopa ofisa. Nawaambia: mashine haina chuki, na ofisa hana faida kwa kuanguka kwako. Wote wawili wanatazama kitu kimoja, kama wewe ukiwa peke yako usiku katika Nyungwe, ukungu umeshuka na watu wanne wamelala viti vya nyuma, utawafikisha.

Na ukianguka? Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Uliza ulipokosea, andika, urudi mlimani ufanye mazoezi, kisha ujiandikishe tena kupitia Irembo. Wasiojua kutumia mtandao watasaidiwa na wakala wake. Hapo ndipo makomisiona watakapokujia. Mmoja atakuambia anamjua mkubwa fulani. Mwingine atakuahidi leseni tayari kutoka ng'ambo, bila mtihani wala foleni. Msikilize, kisha uhesabu pamoja nami. Sheria ya 2018 ya kupambana na rushwa inamwadhibu anayetoa sawasawa na anayepokea: kifungo cha zaidi ya miaka 5 hadi miaka 7, na faini ya mara 3 hadi 5 ya thamani ya rushwa. Anayeghushi hati, au kuitumia akijua ni ya kughushi, hufungwa miaka 5 hadi 7 na kutozwa faini ya faranga milioni 3 hadi 5, au mojawapo ya adhabu hizo. Kuanguka mtihani kunakupotezea muda wa kujiandaa upya. Njia ya mkato inakupotezea ujana.

Tena, leseni ya kununuliwa haimfundishi mtu kushika breki. Anayeinunua ameinunua hatari, na bei yake hulipwa na mama anayetoka sokoni, na mtoto anayekwenda shule kando ya barabara. Mkiombwa rushwa na yeyote, hata kama amevaa sare kama hii yangu, pigeni 997 bila malipo. Ofisa akiwatendea isivyo haki, pigeni 3511. Ajali ya barabarani ni 113. Ziandikeni namba hizi kwenye simu zenu leo, kabla hatujatawanyika.

Wazazi, nanyi nawaomba jambo moja. Kijana akirudi nyumbani hajafaulu, msimpokee kwa kejeli wala kwa hesabu ya pesa zilizopotea. Kejeli ya nyumbani ndiyo humsukuma mlangoni kwa komisiona. Mwambieni ajaribu tena. Mimi mama yangu hakuniuliza kwa nini nilianguka. Aliniuliza, “Mlima ni upi?” Kesho yake asubuhi nikaenda kumtafuta mwalimu, tukautafuta mlima.

Gerayo Amahoro: kila mmoja wetu afike kwa amani.