Leseni ya Duka la Vitu Vilivyotumika
(Mazungumzo na makatibu wa vyama vya msingi)



Vyama kadhaa vimeuliza kama vinaweza kufungua mjini duka la kununua na kuuza vitu vilivyotumika: vitanda, makabati, baiskeli, vyerehani, redio, vyombo vya jikoni na nguo za mitumba. Vinaweza, mradi masharti ya chama yanairuhusu biashara hiyo na mkutano mkuu umeikubali. Lakini wengi waulizao huanza na ada, yaani leseni ni shilingi ngapi, na hilo ndilo jambo dogo kuliko yote. Fedha za wanachama hazipotei kwenye ada. Hupotea kwenye pango lililolipwa mapema, kwenye jina lililoandikwa isivyostahili, na kwenye bidhaa iliyonunuliwa bila kuulizwa ilikotoka.

Sheria ya Leseni za Biashara, Namba 25 ya mwaka 1972, ndiyo inayokataza kufanya biashara pasipo leseni. Leseni zenyewe zina makundi mawili. Kundi A hutolewa na BRELA, na kundi B hutolewa na halmashauri ya jiji, manispaa, mji au wilaya. Duka la rejareja kama hili liko katika kundi B. Kwa hiyo mlango wa kubisha ni ofisi ya biashara ya halmashauri lilipo duka, hata kama chama chenyewe kina makao yake wilaya nyingine.

Leseni hutolewa kwa jina fulani, kwa mahali fulani na kwa biashara fulani. Juu ya jina nitasema kwa mkazo. Kuna mtindo wa kumwachia katibu au meneja akate leseni kwa jina lake mwenyewe, kwa kuwa namba yake ya mlipakodi ipo tayari na safari zinapungua. Mtindo huo ukomeshwe. Chama kilichoandikishwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika, Namba 6 ya mwaka 2013, ni mtu kamili mbele ya sheria. Kinaweza kumiliki mali, kufunga mikataba na kushitakiwa kwa jina lake. Duka likiwa na leseni ya meneja na mkataba wa pango wa meneja, siku atakayoondoka mtakuwa na kazi ya kuthibitisha kwamba bidhaa zilizomo ni zenu. Wala msidanganyike na vile vitambulisho vya shilingi 20,000 vilivyoanza kugawiwa Desemba 2018. Hivyo vilikuwa vya mfanyabiashara mdogo mmoja mmoja, mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Havikuwa vya chama.

Kuhusu mahali, nendeni kwa Afisa Biashara kabla ya kumwona mwenye nyumba. Mwulizeni kama eneo hilo linaruhusiwa kwa biashara, na kama vitu vikubwa vinaweza kuwekwa mbele ya duka. Maana makabati na vitanda havikai ndani, na njia ya waenda kwa miguu si ghala. Ulizeni pia masharti ya afya na ya zimamoto, kwa sababu nguo, magodoro na mbao ni vitu vishikavyo moto upesi. Mkishajibiwa ndipo mfunge mkataba wa pango, tena kwa jina la chama. Aliyelipa pango la mwaka mzima kisha akaambiwa pale si mahali pa biashara hana wa kumlaumu katika halmashauri.

Hati zinazohitajika hazina ugumu: cheti cha kuandikishwa kwa chama, Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi (ambayo hutolewa bure, asije mtu akawatoza), hati ya Mamlaka ya Mapato kuthibitisha hali yenu ya kodi, na mkataba wa pango. Maombi kwa halmashauri siku hizi hupitia mfumo wa kompyuta uitwao TAUSI, na malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu mtakayopewa. Fedha taslimu msimkabidhi mtu. Leseni hudumu miezi 12 tangu ilipotolewa, na duka la pili huhitaji leseni yake.

Sasa nifike penye uzito. Muuza duka la kawaida hununua kwa jumla na kupewa stakabadhi. Ninyi mtanunua mlangoni, kwa mtu msiyemjua, aliyekuja na redio kwapani. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 311, inamtia hatiani apokeaye mali ya wizi kwa kujua, au akiwa na sababu ya kuamini kuwa ni ya wizi. Chereheni kipya kikinunuliwa kwa bei ya kutupa, hakimu atauliza kwa nini hamkushuku. Na hata asiye na hatia, kwa kawaida atamrudishia mwenye mali kitu chake na kubaki na hasara.

Kwa hiyo liwepo daftari la manunuzi. Liandikwe tarehe, jina la muuzaji, namba ya kitambulisho chake na mtaa wake, maelezo ya kitu pamoja na namba iliyochongwa juu yake, bei, na saini au dole gumba. Asiye na kitambulisho aje na barua ya mtendaji wa mtaa, au aondoke na kitu chake. Kwa simu, bonyezeni *#06# mwandike namba itakayotokea, kisha muitume kwa ujumbe kwenda 15090. Mtajulishwa kama simu ni halisi, lakini hamtaambiwa ni ya nani, hivyo daftari bado linahitajika. Nguo za ndani zilizotumika msiziweke dukani kabisa, kwani Shirika la Viwango limezipiga marufuku.

Meneja atasema wauzaji watakimbia. Baadhi watakimbia kweli, na mauzo ya miezi ya mwanzo yatakuwa madogo. Kamati iliweke jambo hilo wazi katika makisio yatakayopelekwa mkutano mkuu, ili wanachama wapige kura wakijua. Vyama vitakavyotaka kielelezo cha daftari viandike barua kwa Chama Kikuu, vikitaja aina ya bidhaa vinazokusudia kuuza.